Darubini ya Marehemu Hija

Mwezi ulikuwa umeshaliwa nusu, na Tunu hajauona. Dirisha la chumba chake pale Keko linatazamana na ukuta wa jirani, na nje hatoki, maana yumo edani. Mumewe, Hija, alifariki mwanzoni mwa Juni, na mama mkwe wake, Bi Naima, si mtu wa kujadiliana naye habari za miezi minne na siku kumi. Uani mchana, sawa. Barabarani usiku, asahau.

Na darubini ilikuwa barabarani.

Hija alikuwa fundi samani, lakini ukimuuliza kazi yake angeanza na nyota. Darubini aliitengeneza mwenyewe kwa bomba pana la plastiki, akaliwekea kioo ndani na kulikalisha juu ya miguu ya mninga. Mafundi wenzake waliliita bomba la choo. Yeye alicheka nao, akauahidi mtaa mzima kwamba Septemba, siku ya Jumapili, mapema tu baada ya Magharibi, mwezi utapatwa, na kila mtu atauona kama vile umeshuka uani kwake. Mwaka mzima wimbo wake ulikuwa huo. Sasa hayupo, na Tunu alitaka kitu kimoja tu: ahadi ile itimie, mumewe asije akakumbukwa kwa bomba la choo.

Watu walikuwa wametoka msikitini kuswali swala ya kupatwa, wamepanga foleni, na darubini haionyeshi kitu. Anwar, mdogo wake Hija, alikuja mlangoni mara ya tatu.

"Shemeji, giza tupu. Nimeizungusha weee mpaka nimechoka."

Tunu alimwambia akaze skrubu za pembeni, kisha akamwambia azilegeze. Alikuwa anabahatisha, kwa sababu Hija hakuwahi kumfundisha. Nje alisikia mtu akicheka, na mwingine akisema wautazame kwa macho matupu wakalale. Maneno yale yalimuuma. Alikuwa hatua ishirini tu kutoka kwenye lile bomba, na hana la kufanya.

Ndipo akaikumbuka simu ya marehemu, ambayo mpaka leo huichaji kila siku bila sababu. Kulikuwa na fundi wa Chamazi ambaye Hija alimtaja sana, ndiye aliyesaidiana naye kukiweka kile kioo. Kwake ndiko Hija alikokwenda kulala kila kulipokuwa na mvua ya vimondo, kwa kuwa Chamazi ya ndani taa bado chache na mbingu inaonekana. Vimondo vyenyewe vilinyesha sana miaka hii. Hija aliondoka Alhamisi na begi lake na chupa ya chai, akarudi Jumamosi nguo zimenyooka kwa pasi, na hesabu ya vimondo ishirini au thelathini. Tunu hakuwahi kuuliza mwaka mmoja una mvua ngapi za namna hiyo.

Jina lilikuwepo: Fundi Kioo. Akasita. Mjane aliye edani kumpigia mwanamume asiyemjua, tena kwa simu ya marehemu, Bi Naima akisikia patachimbika. Akabonyeza.

Simu ilipokewa papo hapo, lakini hakuna aliyesema haloo. Mtu alikuwa anapumua tu. Tunu akaeleza haraka haraka kwamba yeye ni mke wa Hija, kwamba Hija hayupo tena duniani, na kwamba anaomba radhi kumshtua mtu kwa namba ya maiti.

"Najua," sauti ikasema. "Pole, dada."

Ilikuwa sauti ya mwanamke. Tunu aliuliza kama fundi yupo, akajibiwa kuwa ndiye huyo anayezungumza naye, aseme tu shida yake. Tunu akashusha pumzi. Siku hizi wanawake wanachomelea mageti na kuendesha malori, seuze kufunga kioo. Na kwa hali yake, afadhali mwanamke mara mia.

Alipoanza kueleza, yule fundi hakumwacha amalize.

"Mwambie aingize mkono kwenye bomba mpaka chini. Kuna kitambaa. Alikuwaga anafunikia kioo kisishike vumbi la mbao, halafu anasahau."

Tunu akapaza sauti, Anwar akasikia. Nje Anwar akaingiza mkono. Kisha mtu mmoja akasema subhanallah polepole, na baada yake mwingine. Kicheko kikawa hakuna. Foleni ikaanza kusogea, na Tunu akamsikia jirani yao Filomena, aliyelitukana lile bomba kuliko wote, akimbembeleza Anwar amruhusu kutazama mara ya pili. Anwar alirudi kukabidhi kitambaa, kipande cha kanga kuukuu, akasema mwezi umekuwa mwekundu kama chungu.

Tunu alilia. Alifurahi na akaumia kwa pamoja, maana mtaa mzima umeuona mwezi wa mumewe isipokuwa yeye. Simu ilikuwa bado sikioni. Alimshukuru fundi, akamwombea heri, kisha akamwomba jambo moja la mwisho.

"Toka nje uniangalizie. Uniambie ulivyo. Mie hapa sina ruhusa."



"Na mie sitoki, dada," yule mwanamke akasema. "Nimebakiza siku thelathini na mbili."

Tunu akazihesabu za kwake kwa vidole, taratibu. Thelathini na mbili.