Kitundu cha Pakiti

Katika tamasha la kahawa la mji ule hakuna aliyenunua kahawa kabla ya kuibinya pakiti na kunusa hewa inayotoka kwenye kitundu chake. Muuzaji aitwaye Sikudhani, aliyeikaanga na kuifunga mwenyewe, hakutazama mikono ya wateja. Alitazama nyuso zao.

Mzee Shomari, mteja wake wa miaka yote, alibinya, akanusa. Akanusa tena.

"Mwanangu," alisema kwa sauti ya chini, "hii imeungua. Hukusikia harufu?"

Nyuma yake watu walikuwa wamepanga foleni.

"Tangu nilipougua ile homa, mzee, sisikii harufu ya kitu chochote. Nakaanga kwa kusikiliza buni zikipasuka. Juzi mvua ilipiga bati, sikuzisikia."

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

Mzee alivuta boksi la pakiti lililokuwa chini ya meza. Alilishika likae wazi, naye Sikudhani akaanza kurudisha pakiti ndani, moja moja, foleni ikitazama. Ya mwisho alibaki nayo mkononi. Aliisogeza puani, akaibinya taratibu, akafumba macho, akasubiri, kama mtu aliyebisha hodi kwenye nyumba anayojua ina watu.