Kidonge cha Magoti

Kwenye kompyuta ya maabara, damu ya mama ilikuwa imeshasema. Mstari wa chikungunya, homa ya mbu inayouma viungo, ulilala chini. Wa dengue, homa nyingine ya mbu, ukapanda kama moshi. Eliya alivua glavu haraka, akampigia simu mama yake kijijini Akheri.

"Mama, magoti yako si chikungunya, ni dengue! Usimeze kile kidonge cha maumivu, kwenye dengue kitakuvujisha damu!"

"Ngoja, baba. Kiko ulimini, natafuta maji."

"Tema!"

Hakuwahi kumwamuru mama yake hata siku moja. Alisikia kikombe kikiwekwa mezani, taratibu.

"Wewe niliyekubeba mgongoni mpaka ukaota meno, unanifokea bila hata shikamoo?"

"Shikamoo, mama. Tema, nakuomba."

"Marahaba," akajibu, na kitu kidogo kikagonga sahani ya bati.