Mkono wa Idi

"Vua kofia," baba alisema. "Leo ni Idi, na hapa ni kwangu."

Nikavua. Ami zangu wakanikodolea macho. Ilikuwa siku ya nne tangu nipandikizwe nywele kule Istanbul, na kuanzia juu ya paji la uso nilijaa vidonda vidogo vyekundu, kama ufuta juu ya mkate.

"Mtazameni Tuncay!" Baba akacheka, upara wake uking'aa. "Kaona aibu kufanana na babake. Sasa kafanana na kuku aliyenyonyolewa!"

"Daktari kasema pasiguswe, baba."

"Daktari ndiye aliyekuzaa?"

Akachukua chupa ya marashi ya kuwakaribishia wageni, yale makali yenye spiriti, akajimwagia mkononi mpaka yakachuruzika. Kisha akaninyooshea mkono huo niubusu na kuuweka kwenye paji langu, kama kila Idi.

"Mpe heshima yake, mwanangu, yaishe," mama akanong'ona.

Niliinama, nikaubusu. Midomo ikaniwaka.

Halafu nikaukamata kwa nguvu, nikaunyanyua, nikaubandika katikati ya upara wake mwenyewe.

"Idi njema, baba."