Eda ya Bi Masuda

Mwaka 2006, nyumbani kwetu mtaa wa Al Nahda, huku ng'ambo tulikohamia, nilimsomea bibi yangu, Bi Masuda, barua iliyotoka makumbusho ya mabaharia. Ilisema kwamba mwaka 1944, wakati wa vita, nyambizi iliipiga kombora meli ya mizigo ambayo babu alikuwa mchochea makaa ndani yake, ikazama. Jina lake limo katika orodha ya waliokufa.

Babu alipoondoka Unguja, bibi alikuwa na miaka kumi na saba na mimba ya baba yangu. Tangu hapo, kila aliyekuja kumposa alimjibu, "Nina mume."

Aliichukua ile karatasi, akalipapasa jina kwa kidole gumba, taratibu, kama anayemfuta mtu jasho.

"Alikuwa na umri gani?"

"Ishirini na mbili, Bibi."

"Kumbe mtoto!" Akacheka huku machozi yanamtoka. "Basi mwanangu, acha nikae eda."

"Eda yake si ilishapita zamani?"

"Kwa watu imepita. Mimi nimefiwa leo."

Akaninyooshea mikono nimvue bangili, maana mwenye eda hajipambi. Ya mwisho ilikataa kutoka, nikaenda kuleta sabuni.