Kitambaa Chekundu kwenye Usukani

Koplo Zawena, fundi wa kambi, ndiye aliyefunga kitambaa chekundu kwenye usukani wa lori, maana breki zilikuwa zinavuja. Kambini pale lori lenye kitambaa haliondoki, na anayekifungua lazima apande mbele safari ya kwanza.

Askari walikuwa wameshapanda nyuma, wanaimba. Kutoka getini barabara ilikuwa mteremko mtupu hadi mjini.

"Kifungue," alisema Luteni Shemboza, ambaye safarini hakuwemo. "Kazi uliyopangiwa wewe ni oili na matairi. Breki ni za karakana kuu."

"Ndiyo maana sijazigusa, afande. Na karakana kuu hawajaja."

"Hiyo ni amri, Koplo."

Zawena aliligeukia lori. Akikataa, mahabusu inamngoja. Akitii, je, wale wanaoimba? Akaufungua mlango wa lori, akasimama kando kwa ukakamavu.

"Basi kifungue wewe, afande."

Luteni alipanda, akalishika fundo. Vidole vyake vilianza kulilegeza, kisha vikatulia. Alikuwa anautazama mteremko. Kule nyuma kiongozi wa wimbo alianzisha ubeti mwingine, na hakuna aliyemwitikia.