Usiachie Breki

“Ukiachia, tunaanza upya,” fundi alisema, na Mkaguzi akaubana mkono wa breki kama anayemkaba mwizi.

Hakuwahi kukagua chochote kwa mshahara. Jina hilo mtaa ulimpa bure, kwa sababu hakuna kilichompita bila kusahihishwa: jirani anavyofagia, mkewe anavyoanika mashuka, hata watu wanavyolia msibani. Mkewe kila akisahihishwa hujibu “haya”, na Mkaguzi huihesabu hiyo kuwa ndoa nzuri.

Leo alikuwa na jambo zito. Kesho pikipiki kuukuu za mji mzima zingeshindana kupita barabarani na kusimama kwenye mstari mbele ya watu. Mwaka jana ya kwake ilikataa kusimama. Ilimpeleka moja kwa moja hadi chini ya meza ya waamuzi, akaibuka na kitambaa cha meza kichwani, na mtaa ukacheka mpaka mbavu zikauma. Safari hii alishaapa mbele ya kila mtu: isiposimama, anahama.

Breki za pikipiki ile ni za kizamani, viatu viwili vilivyofichwa ndani ya ngoma ya gurudumu. Vikikaa upande, kimoja kinafanya kazi, kingine kinatazama. Dawa yake ni kulegeza nati ya ekseli, mmoja abane breki kwa nguvu ili viatu vijipange vyenyewe, mwingine akaze nati. Anayebana haruhusiwi hata kujikuna.

Lakini fundi leo alikuwa mzito ajabu. Anakaza kidogo, anatazama simu, anazungusha gurudumu, anatikisa kichwa, analegeza tena.

“Unajifunzia kwangu?” Mkaguzi aliuliza.

“Mama alipita hapa juzi, mzee. Alisisitiza ya mbele niifanye taratibu, nisikuruhusu kuondoka mpaka nihakikishe.”

Mkaguzi akavimba kichwa. Hata asubuhi mkewe alimwambia asiwe na haraka ya kurudi, maneno ambayo hakuwahi kuyasikia kinywani mwake. Basi akamweleza fundi, kwa kirefu, jinsi mwanamke anavyoelekezwa mwaka hadi mwaka mpaka anafikia kujali breki za mumewe. Fundi akainamia nati yake.

Nyuma yao gari kubwa likapanda barabara ya kuelekea mtaani kwake. Mkaguzi hakuweza kugeuka, mkono ulikuwa kazini. Masikio yalikuwa huru.

“Lori hilo. Tupu. Sikia bodi linavyogonga.”

Fundi akazungusha gurudumu. Likakwaruza. Wakaanza upya.

Vidole vya Mkaguzi vilikuwa vimeshakufa ganzi lori liliporudi. Sasa lilikuwa likishuka, breki zinalia kama mbuzi anayeburutwa. Alisikiliza kwa raha zake zote.

“Sasa limejaa. Breki za nyuma zimekwisha, na mzigo umefungwa ovyo, kuna kabati linapigapiga mlango wake. Mtu anahama huyo. Mwanamume mzima unahama mchana kweupe, watu wanakihesabu kitanda chako, huoni haya? Usicheke, fundi, kaza.”

Fundi hakuwa anacheka. Alitazama simu, akaitia mfukoni, akakaza nati kwa mara ya mwisho.

“Achia, mzee. Tayari.”

Gurudumu likazunguka bila kelele. Mkaguzi alipobana, likaganda papo hapo. Akatafuta kasoro, akaikosa, akasema tu kwamba spana ya fundi ni chafu.

Alirudi nyumbani kwa mwendo wa bwana harusi. Mtaa mzima ulikuwa nje: kina mama wameshika viuno, vijana wamekalia ndoo zilizopinduliwa, hata mwenye duka ameacha duka lake wazi. Hakushangaa. Alijua habari zake husambaa. Akaongeza mwendo makusudi ili waone vizuri, akabana, na pikipiki ikasimama pua yake ikikaribia kuubusu mlango.

Hakuna aliyepiga makofi.

“Mmeona ilivyosimama?”

“Tumeona, baba,” alijibu jirani, yule asiyejua kufagia, macho yake yakiwa chini.

Mkaguzi akausukuma mlango ili mkewe naye atoke aone. Akamwita. Sauti yake ikaenda mpaka chumbani, haikukuta pa kutua, ikamrudia yote. Pale lilipokuwa kabati, ukuta ulikuwa mweupe kama uliopakwa rangi jana.

Sakafu ilikuwa imefagiliwa hadi pembeni kabisa, jinsi alivyokuwa akimwelekeza siku zote.