Kofia ya Lavelle

"Fumbeni macho," mshauri alisema. "Nitapita na viatu vyangu vigumu. Msifikiri chochote. Uacheni mwili ufanye unachotaka."

"Wangu unataka mbavu za kuchoma," Lavelle alisema, na wenzake sita waliosimama naye kwenye njia ya katikati ya kanisa wakacheka. Mama yake ndiye aliyemng'ang'aniza aje kwenye mafunzo haya ya hofu za kurithi. Yeye ni mtoto wa Chicago. Hofu za wazee Weusi wa Mississippi zinamhusu nini?

Viatu vikagonga mbao. Ko, ko, ko. Vikakaribia, vikapita.

"Fumbueni."

Njia ilikuwa tupu. Wote walikuwa wamejibanza kwenye mabenchi, macho chini. Lavelle naye, na hakukumbuka kupiga hata hatua moja. Kofia yake, ambayo hata mbele ya mchungaji haivui, alikuwa ameibana kifuani kwa mikono miwili.

Mama yake, aliyekaa benchi la nyuma, alimtazama, akaziba mdomo.

"Mama, nini?"

"Baba yangu alikuwa anasimama hivyo hivyo kule Mississippi, Mzungu akipita njiani. Mtu Mweusi ilimbidi ampishe na avue kofia, la sivyo angepigwa."

"Sasa mimi kanifundisha nani? Si alikufa sijazaliwa!"

Lavelle akataka kuirudisha kofia kichwani. Mikono ikagoma.